KUHESABU KURA KITUONI
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Sumbawanga



Tumeombwa tuseme juu ya kuhesabu kura kituoni, na twaona jambo hili latuhusu sisi kuliko wengi. Siku ya uchaguzi ifikapo, hapa mjini na Laela, Matai na Namanyere, hata huko chini bondeni Muze, wanaoketishwa mezani kusimamia karatasi ni walimu, watendaji na makarani. Wagombea huhutubu kwa majuma mengi; lakini ikiisha kupita saa kumi alasiri, na mtu wa mwisho aliyekuwa katika mstari akiisha kupiga kura yake, neno la wananchi limo mikononi mwa karani na taa yake.

Kwanza yatupasa kutenga maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Kura iliyoharibika ni karatasi ambayo mpiga kura mwenyewe ameikosea kabla ya kuitia sandukuni, akairudisha, akapewa nyingine. Kura iliyokataliwa ni ile iliyotoka sandukuni, msimamizi akaiona haifai. Asiyezitenga hizi mbili hesabu yake haitasimama.

Na hesabu yenyewe si ngeni kwetu, maana ni sawa na daftari la fedha. Tuseme kituo kilipokea karatasi 450. Zisizotumika zimebaki 97, na zilizoharibika ni 3. Basi sandukuni sharti zitoke 350, na majina yaliyotiwa alama katika daftari la wapiga kura yawe 350 vilevile. Zikitoka 349, huenda mtu ameondoka na karatasi yake mfukoni. Zikitoka 351, karatasi ya kigeni imeingia, na hilo ni kubwa zaidi. Hesabu hii ya jumla ifanywe kabla ya kusoma jina la mgombea ye yote. Karani aliyekwisha kujua nani anashinda hutafuta karatasi iliyopotea kwa bidii nyingi au kwa bidii chache, na yeye mwenyewe hajui kwa nini.

Sasa twafika penye ugumu. Sheria hukataa karatasi kwa sababu chache: haina alama rasmi, imechagua watu wengi kuliko inavyoruhusiwa, ina maandishi yanayomjulisha aliyepiga, au haina alama yo yote, au alama yake haifahamiki. Sababu ya tatu huwanasa wasomi kuliko wasiojua kusoma. Mzee asiyejua kuandika hawezi kutia sahihi. Sisi tuliozoea kutia sahihi kila karatasi ipitayo mezani ndio tulio katika hatari.

Asili ya mashauri haya ni Uingereza, ambako kura ya siri iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1872. Haikupita muda mrefu, na mwaka 1875 majaji walipata kesi ya uchaguzi wa mji wa Birmingham. Waliamua kwamba alama isiyofuata mfano barabara haiiui kura kwa sababu hiyo peke yake, mradi nia yaonekana na mtu hajulikani. Lakini katika kituo kimoja msimamizi alikuwa ameandika nambari za wapiga kura juu ya karatasi zao, na mamia ya kura yakatupwa. Wapiga kura hawakukosa neno. Kalamu iliyowaangusha ni ya ofisa.

Nasi tuna mfano wetu. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na karatasi yenye jina moja tu ilikuwa si halali. Fikirini: mtu amtaka mgombea mmoja, alama yake ni safi, nia yake yaonekana kama jua, na karatasi yake yatupwa. Neno hili nusura livunje TANU huko Tabora, Januari 1958, na Bwana Zuberi Mtemvu akatoka akaanzisha chama chake. Mwalimu Nyerere alishinda shauri lile kwa hoja ya kuingia, na TANU ikawafundisha watu majina matatu badala ya moja. Twasema sheria ile ilikuwa mbaya. Hata hivyo karani wa 1958 hakuwa na ruhusa ya kuihurumia karatasi.

Karani wa leo ana nafasi kidogo ya kupima, na kwa hiyo mzigo wake ni mzito zaidi. Karatasi ikikunjwa wino ukiwa mbichi, alama hujipiga chapa upande wa pili, juu ya mgombea mwingine. Tazameni vema: chapa hiyo imefifia, tena imegeuka kama sura katika kioo. Hiyo si kura ya watu wawili. Na doa la wino wa kidole pembeni si jina la mtu. Twashauri hivi: karatasi ya kwanza yenye shaka ikitokea, msimamizi aseme kanuni yake kwa sauti mbele ya mawakala wote, kisha aishike kanuni ileile hadi ya mwisho, iangukie fungu la nani iangukie.

Ziko fomu za matokeo: ya Rais, ya Mbunge na ya Diwani. Nambari ziandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, maana 1 hugeuka 7 kwa urahisi. Majirani zetu wa Kenya walijifunza bei ya fomu tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi wa Rais. Sehemu kubwa ya shauri lile ilikuwa juu ya njia ambayo matokeo yalipita yakitoka vituoni. Kwetu njia ni ndefu: kutoka Muze hupandwa ukingo wa bonde, kutoka Kasanga na Kirando hutokwa ziwani. Kwa hiyo nakala ya matokeo ibandikwe mlangoni usiku uleule, na gari lisiondoke kabla wakala wa mwisho hajashika nakala yake mkononi, hata kama dereva anapiga honi.