Neno "Subira" na Matumizi Yake Katika Ukoo Wetu



Nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kusema nanyi hapa Woluwe-Saint-Lambert, mahali palipowapokea wengi wetu. Nimechagua neno subira, kwa kuwa ndilo tunalopeana mara nyingi mno katika simu zetu.

Neno hili lina asili ya Kiarabu, na katika lugha hiyo herufi za mzizi wake ndizo pia za jina la shubiri, ule utomvu mchungu ambao mama huupaka kwenye titi anapomwachisha mtoto kunyonya. Uchungu huo una sababu, na una mwisho: mtoto ajifunze kula.

Kiswahili kimetupa vitenzi viwili ambavyo tumezoea kuvichanganya. Mtu huvumilia kilichopo, husubiri kijacho. Twasema, "Navumilia njaa, nasubiri mavuno." Anayevumilia pasipo la kusubiri amebeba mzigo asiojua atautua wapi.

Naliongea jambo hili kwa ajili ya ndugu zetu wa Bukavu. Vita vilipofika mjini humo Oktoba 1996, na tena waasi wa M23 walipoingia Februari 2025, jibu tulilolipata kutoka kwao lilikuwa lile lile: "Tunavumilia tu." Ni jibu la heshima, la mtu asiyetaka kumtwika mwenziwe mzigo. Lakini mwaka 2025 nyuma ya jibu hilo kulikuwa na mabenki yaliyofungwa, na wazazi wasiojua fedha ya chakula itawafikiaje. Hapa Ulaya nako, kijana anayengojea vibali vya ukaazi, au dada anayefanya kazi za usiku peke yake, hujibu vivyo hivyo.

Wahenga walisema subira huvuta heri. Tulitazame neno "huvuta". Katika Ziwa Kivu, wavuvi wa sambaza huwasha taa usiku, wakangoja kwa utulivu samaki waufuate mwanga. Wakati ukifika, huuvuta wavu wote pamoja. Kungoja kwao ni sehemu ya kazi, na hakuna anayeachiwa kamba peke yake.

Basi naomba jambo moja. Mkubwa anayemwambia mdogo wake "uwe na subira" amwulize kwanza: "Unasubiri nini, nawe uko na nani?" Likiwa ni karo, tuchange. Likiwa ni barua ya ofisi, anayejua Kifaransa au Kiholanzi aisome naye. Likiwa ni mateso ndani ya nyumba, tusimwambie avumilie, tumfuate tukamchukue. Na likiwa ni lile tusiloliweza, kama amani ya Kivu, tupige simu hata pasipo habari, ili wanaosubiri wajue kwamba tunasubiri pamoja nao.