Theluthi ya Wenyeji: Hotuba Kuhusu Maktaba



Tumeombwa kuzungumza juu ya maktaba ya mji, sisi ambao masomo yetu yaliishia sekondari na kazi yetu ni kuuza mabati na misumari. Mtuvumilie tukianzia mbali, Charotar, Gujarat, walikotoka wengi wa babu zetu.

Baadhi ya vijiji vile vilikuwa chini ya Maharaja Sayajirao wa Tatu, mtawala wa Baroda. Mwaka 1906 alizuru Marekani akaziona maktaba za umma. Mwaka 1910 akamwajiri mkutubi Mmarekani, William Alanson Borden, aliyekaa miaka mitatu, akaweka misingi ya maktaba kuu na kufundisha wakutubi wa huko huko. Vijiji visivyo na maktaba vilipelekewa vitabu katika masanduku ya mbao, navyo vikirudi vinakwenda vingine. Hata hivyo, Mmarekani hakukuta shamba tupu. Mwalimu Motibhai Amin wa Vaso alikwisha kuanza na rafiki zake kufungua vyumba vya kusomea.

Kanuni ya Baroda yatupendeza sisi wafanyabiashara. Wenyeji waliotaka maktaba walichanga kwanza; ndipo baraza la wilaya lilipotoa kiasi kile kile, na serikali kiasi kile kile. Theluthi ya kwanza ilitoka mifukoni mwa wasomaji wenyewe.

Babu zetu walipovuka bahari walikuja na vitabu, kanuni waliiacha. Nyuma ya Mandir hii palikuwa na kabati la vitabu, na kabati lilikuwa na kufuli. Mtoto wa jirani akichungulia dirishani alifukuzwa. Hatutalificha hili: tulipokuwa na umri wa miaka kumi tulitumwa kumfukuza mmoja, tukamfukuza, ilhali tulisoma naye darasa moja. Leo ameketi safu ya pili, na atusamehe kwa kumtaja.

Wakati huo Bodi ya Huduma za Maktaba ilikwisha kuundwa, tangu 1963, na Mwalimu Nyerere alikwisha kuifungua Maktaba Kuu ya Dar es Salaam, Desemba 1967. Kwetu maktaba ya umma ilichelewa. Ilipofika, chumba kimoja na meza mbili, tuliketi na yule mwenzetu benchi moja tukigombea gazeti. Hapakuwa na aliyeuliza baba yako nani.

Maktaba hiyo sasa inavuja. Mvua ikinyesha, mkutubi husogeza meza ya watoto hadi mlangoni, nasi twapita hapo kila asubuhi tukiwa na magari yaliyojaa mabati. Ni aibu, hasa kwa wauza mabati.

Kamati ya Mandir imekubali kuezeka upya upande wa watoto. Hiyo ndiyo theluthi yetu, na imekwisha kutolewa. Halmashauri na wananchi wenzetu wameandikiwa barua kuhusu theluthi zao. Vitabu vya nyuma ya Mandir vitahamia huko pamoja na kabati lake, bila kufuli. Tutalihamisha Jumamosi, baada ya chai. Ni la mninga, zito kweli, na mpaka sasa wabebaji waliojiandikisha ni watatu tu.