MELI YA VITA ILIYOGEUKA MWOKOZI

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi wapiganaji wa jeshi na askari wa polisi mlioko makambini, mipakani na katika vizuizi vya barabarani.

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu meli moja kongwe ya Ziwa Tanganyika iitwayo Liemba. Meli hiyo iliundwa mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, nchini Ujerumani. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma, na huko ikaungwa upya. Iliposhushwa majini mwezi Februari 1915 iliitwa Graf von Goetzen, jina la aliyekuwa gavana wa Kijerumani katika Afrika Mashariki. Kazi yake ilikuwa kuchukua askari na zana, na kulitawala ziwa kwa nguvu. Ilifungwa hata mzinga uliotolewa katika manowari Königsberg, ile iliyoangamia katika mto Rufiji mwaka 1915.

Mwezi Julai 1916 Wajerumani walipolazimika kurudi nyuma, waliizamisha meli hiyo kwa mikono yao wenyewe isije ikatekwa, baada ya kuzipaka mashine zake mafuta mazito zisiharibiwe na kutu. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Hiyo ndiyo asili yake: chombo cha vita, kilichoundwa kwa ajili ya vita.

Sasa ndugu wasikilizaji, hebu tuitazame meli hiyo hiyo miaka mia moja baadaye. Mwezi Aprili 2015, chama tawala cha Burundi kilimteua Rais Pierre Nkurunziza kugombea kipindi cha tatu. Maandamano yalizuka mjini Bujumbura, na tarehe 13 Mei baadhi ya maofisa wa jeshi walijaribu kuipindua serikali wakashindwa. Wananchi kwa maelfu walikimbia, na wengi wao waliangukia Kagunga, kijiji cha wavuvi kilicho upande wa Tanzania, karibu kabisa na mpaka. Nyuma ya kijiji hicho ni milima mikali, na mbele yake ni maji. Hapakuwa na barabara ya kupitisha malori wala mabasi. Katikati ya mwezi huo ilikadiriwa kwamba watu zaidi ya 50,000 walikuwa wamesongamana katika ufuko huo mwembamba, bila vyoo vya kutosha wala maji safi. Haukupita muda kipindupindu kikaingia, na watu wapatao 30 walipoteza maisha.

Njia ya kutoka ilikuwa moja tu, nayo ni ziwa. Liemba ikaitwa. Kwa kuwa Kagunga haikuwa na gati la kuipokea, meli ilisimama katika maji ya kina, na maboti ya mbao yakawa yanachukua akina mama, watoto, wazee na wagonjwa, kundi baada ya kundi, hadi ubavuni mwa meli. Ikishapakia watu wapatao 600 iling’oa nanga kuelekea Kigoma, safari ya saa tatu hivi, ikawashusha, ikarudi kuchukua wengine. Huko Kigoma walipokewa katika uwanja wa mpira, wenye maradhi wakatibiwa, kisha wakapelekwa kwa mabasi hadi kambi ya Nyarugusu.

Na hiyo haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1997, baada ya utawala wa Mobutu kuanguka, Liemba iliwavusha makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Kongo kutoka Kigoma kuwarudisha kwao.

Yapo mafunzo hapa kwa kila mtu aliyevaa sare. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1979 kuhusu kutafuta na kuokoa watu baharini unaeleza uokoaji kwa mambo matatu: kumtoa mtu katika hatari, kumpa huduma ya kwanza anayoihitaji, na kumfikisha mahali pa salama. Aidha, mkataba huo unaagiza kwamba msaada utolewe bila kujali uraia wa mtu wala hadhi yake. Nahodha hamwulizi pasi mtu anayezama. Maswali yanayo nafasi yake, lakini nafasi hiyo ni nchi kavu, baada ya mtu kukauka nguo na kunywa maji.

Ijapokuwa mkataba huo ni wa baharini, busara yake inafaa hata barabarani. Maana safari ya mkimbizi haiishii gatini. Wako Warundi na Wakongo walioendelea kuelekea kusini hadi Malawi. Mtu akitoka Kauma, pembezoni mwa mji wa Lilongwe, akashika njia ya wilaya ya Dowa, baada ya mwendo wa kilomita arobaini na kitu atafika Dzaleka. Zamani mahali hapo palikuwa gereza la kisiasa. Tangu mwaka 1994 pamekuwa kambi ya wakimbizi, na Kiswahili kinazungumzwa humo kana kwamba mtu yuko Uvira au Kigoma. Kambi hiyo ilikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000, lakini leo ina zaidi ya 50,000.

Mwaka 2023 Serikali ya Malawi iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi Dzaleka, ikieleza sababu za sheria na usalama. Mwezi Mei polisi na wanajeshi walitumwa kuitekeleza amri hiyo. Mamia ya watu walikusanywa, wakiwamo watoto, na baadhi yao walipitishwa katika gereza la Maula kabla ya kufikishwa kambini. Serikali yoyote ina haki ya kusimamia sheria za nchi yake, na askari hana budi kutii amri halali. Hata hivyo, amri husema watu wapelekwe wapi. Namna ya kuwapeleka iko mikononi mwa askari aliye pale. Ni yeye anayeona kama mtoto ametenganishwa na mama yake, kama mgonjwa ameachiwa dawa zake, kama karatasi za mtu zimehifadhiwa au zimetupwa, na kama mali ya dukani imebaki salama au imeporwa. Na katika kizuizi cha barabarani, ni yeye anayejua kama noti iliyokunjwa ndani ya kitambulisho imerudishwa kwa mwenyewe au imeingia mfukoni.

Watu kama hao walikwisha kuokolewa mara moja na mabaharia na wavuvi, katika mawimbi na maradhi. Iwapo watafikishwa nchi kavu kisha wakatendewa kama nyara, kazi ya mabaharia wale itakuwa imebatilishwa na wenzao wa nchi kavu.

Ndugu wapiganaji, chuma cha Liemba ni kile kile kilichobeba mzinga mwaka 1915, na ndicho kilichobeba watoto wa Kagunga mwaka 2015. Meli haikuchagua kazi yake. Ilielekezwa na waliokuwa katika usukani. Ninyi mnayo akili na dhamiri, na bunduki mliyopewa mmepewa kwa ajili ya kuwalinda watu. Basi kesho mkisimama kizuizini na basi likasimama mbele yenu, akashuka mama mwenye mtoto mgongoni na karatasi iliyochakaa mkononi, mpeni kwanza maji na kivuli, kisha isomeni karatasi yake kwa makini na kwa haki.