Mpiga Besi na Mialiko Yake

Usiku huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya watu ambao aghalabu hamwatazami. Mkiwa katika taarabu, macho yenu humwandama mwimbaji, kisha mpiga fidla, kisha mpiga ganuni. Lakini yule aliyesimama nyuma, amekumbatia ala iliyomzidi kimo, huyo hammwoni ila mkigeuka kutafuta mlango. Sisi tu katika hao. Tu wapigaji wa besi wa ridhaa, yaani watu wasioifanya kazi hiyo kwa riziki. Mchana wengine wetu huuza dukani, wengine hufundisha shuleni, wengine huvua au huchuma karafuu. Usiku ukiingia, twashika besi.

Mara nyingi watu hutuuliza, "Nyinyi mwapiga wapi?" Jibu lake si la neno moja. Mialiko yetu ni ya namna nyingi, na kila namna ina kazi yake, adabu yake na malipo yake. Mtu asiyejua kuipambanua hujitia katika aibu. Sisi twalijua jambo hili vizuri, kwa kuwa aibu hiyo ilitupata, nasi tutaisimulia kabla ya kuagana.

Kwanza yatupasa kueleza besi yenyewe. Katika visiwa vyetu ziko besi za namna mbili zilizotangulia. Ya kwanza ni ile kubwa ya kusimama, yenye nyuzi nne nene, iliyo ya ukoo wa fidla. Mpigaji hubana uzi kwa vidole vya mkono wa kushoto. Akiubana karibu na kichwa cha ala, uzi unaobaki ni mrefu na sauti ni nzito. Akishuka chini, uzi hufupika na sauti hupanda. Ya pili ni sanduku. Hili ni sanduku la mbao jepesi, mfano wa yale yaliyokuwa yakichukulia majani ya chai, limefudikizwa chini. Juu yake pametobolewa tundu, uzi umepitishwa, na ncha ya pili ya uzi imefungwa kwenye fimbo. Mpigaji hulikanyaga sanduku kwa mguu lisiondoke, akavuta fimbo kwa mkono mmoja na kuudonoa uzi kwa mkono wa pili. Hapa uzi haufupishwi, bali hukazwa na kulegezwa. Ukikazwa sauti hupanda, ukilegezwa hushuka. Hakuna alama ya kuonyesha pa kushika. Sikio ndilo mwalimu.

Asiwepo mtu wa kulidharau sanduku. Huko Marekani watu wa mashamba walifanya ala kama hiyo kwa karai la kufulia nguo. Na katika mji wa Liverpool, Uingereza, kikundi cha vijana kilichoitwa Quarrymen, alichokianzisha John Lennon mwaka 1956, kilikuwa na mpiga sanduku la chai. Kikundi hicho ndicho kilichozaa Beatles, waliosikiwa dunia nzima. Basi atakayecheka sanduku, na acheke akijua anacheka nini.

Sasa tuje kwenye mialiko. Wa kwanza ni harusi ya kijijini, na ngoma yake ni kidumbak. Hiyo hupigwa kwa vidumbak viwili, fidla moja, cherewa, mkwasa na sanduku. Wengine huiita kitaarabu, yaani taarabu ndogo, kwa sababu nyimbo zake nyingi zimetoka katika taarabu. Walakini mwendo wake ni wa haraka, kwa maana watu huja kucheza, hawaji kuketi. Wimbo mmoja haukomi ila umeshika mkono wa wimbo wa pili, na huenda saa nzima ikapita bila kituo. Mpiga sanduku asiyeuzoea mkao huo, mguu humfa ganzi na vidole humchubuka. Malipo yake ni nauli, sinia ya chakula, na tunzo wanazotoa wachezaji wakifurahi. Mwaliko huu haupangiwi bei kubwa, kwa sababu aghalabu mwenye harusi ni jirani, na kesho huenda ikawa zamu yako kumwita yeye.

Mwaliko wa pili ni taarabu ya kilabu, watu wakiwa wameketi ukumbini. Sanaa hii ina nasaba ndefu. Imepokewa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchi ya Misri kujifunza ganuni. Na mwaka 1905 ikaasisiwa huko Unguja nadi ya Akhwani Safaa, ambayo ni nadi ya wapenzi wa muziki, wala si kampuni ya biashara. Baadaye vikundi vyetu vilipoufuata mfano wa vikundi vikubwa vya Misri, fidla ziliongezeka, selo ikaingia, na besi ya kusimama ikapata mahali pake. Katika ukumbi huo mpiga besi hana haraka. Kazi yake ni kutia sauti chache, kila moja mahali pake, na kunyamaza mwimbaji anapopanda peke yake. Wanawake hutoka mmoja mmoja kwenda kumtunza mwimbaji. Fedha hizo huenda katika mfuko wa kilabu, nasi hupata haki yetu baada ya kununuliwa nyuzi na kulipwa gari. Usiku mwingine haki yetu ni chai.

Wa tatu ni mwaliko wa sikukuu. Siku za Idi, watoto wanapovaa nguo mpya na viwanja vikajaa, taarabu hutafutwa huku na huku. Kadhalika ziko sherehe za serikali, kama ile ya tarehe 12 Januari ya kila mwaka, kukumbuka Mapinduzi ya 1964. Katika mialiko hiyo utapiga nyimbo tatu, kisha utangoja saa tatu. Utasimama juani, na ala ya mbao haipendi jua. Hapa sifa ya mpigaji si wepesi wa vidole bali ni saburi. Mwezi wa Ramadhani ukiingia, ngoma na taarabu hunyamaza. Ndio wakati wetu wa kubadili nyuzi, kuziba nyufa na kujifunza nyimbo mpya kimoyomoyo.

Wa nne ni mwaliko wa watu wazima wa mjini na wageni: hoteli, mkutano, au tamasha. Unguja mialiko hiyo ni mingi. Kwetu Pemba ni michache. Huko hutakiwa nyimbo fupi na mavazi ya namna moja. Malipo hujulikana mapema, na watu hukusikiliza kwa adabu. Lakini hakuna anayeyafahamu maneno, na wimbo ukikosewa hakuna atakayekwambia. Hilo ni raha, na pia ni hatari, kwa kuwa mpigaji asiyeambiwa kosa lake hulifanya mazoea.

Wa tano ni kukaimu. Mpiga besi wa kikundi fulani ameugua au amesafiri kwa meli kwenda Unguja, nao wakakuita ushike nafasi yake. Hukufanya nao mazoezi. Nyimbo zao nyingine huzijui. Ndipo utakapoona faida ya kupitia harusi nyingi. Mwandame mpiga dumbak kwa sikio, mtazame mpiga fidla upinde wake, na ukipotea, piga kidogo kuliko kupiga sana. Sauti moja iliyo mahali pake ni bora kuliko kumi zinazotafuta njia.

Pamoja na hayo iko ngoma moja isiyotuita kabisa, nayo ni beni, kwa sababu beni huenda njiani na watu wake, na besi haiendi. Kuichukua tu ni kazi. Kisiwa chetu ni cha vilima na mabonde. Kutoka Mkoani hata Chake Chake, na kutoka Chake Chake hata Wete, barabara hupanda na kushuka. Sanduku huwekwa kichwani, mtu akashika njia ya migomba. Besi ya kusimama hulazwa garini juu ya godoro, na mtu mmoja hukaa nayo kuishika shingo, kama anayempeleka mgonjwa hospitali.

Sasa tuisimulie ile aibu yetu. Ilikuwa baada ya msimu mzuri wa karafuu, wakati harusi zinapofuatana. Mzee mmoja jirani yetu alitujia baada ya sala ya alasiri akasema, "Wanangu, binti yangu ataolewa Alhamisi ya wiki ijayo. Nawategemea nyinyi na sanduku lenu." Tukaitikia, tukampa mkono. Siku tatu baadaye kikundi kimoja cha mjini kikatuita kukaimu, usiku ule ule. Kulikuwa na jukwaa, taa, vipaza sauti, na wageni waliovuka bahari kuja kusikiliza. Tukajisemea kwamba sanduku kila mtu aweza kulivuta, na kwamba mzee atapata mwingine. Walakini hatukwenda kumwambia, kwa kuwa tuliona haya. Na haya hiyo ndiyo ingalitupasa kutuonyesha kwamba tulikuwa tunakosa.

Mjini tulipiga, watu wakatushangilia kidogo, tukarudi usiku wa manane. Asubuhi mtoto akatuletea sinia iliyofunikwa kawa. Ilikuwa pilau. Akasema, "Babu amesema hii ni sehemu yenu, iliwekwa tangu jana." Tukasimama mlangoni tusijue la kunena. Baadaye tukakutana na bibi wa bwana harusi akitoka kisimani. Hakutukaripia. Alisema tu, "Wanangu, jana twalicheza, lakini hatukujua pa kukanyaga."

Wasikilizaji wetu, katika maisha yetu ya muziki hatujapata kusikia maelezo ya besi yaliyo kamili kuliko hayo. Fidla humpa mchezaji wimbo, vidumbak humpa haraka, lakini sauti nzito ya chini ndiyo inayomwambia mguu uende wapi. Ikiwapo hakuna anayeitaja. Ikikosekana, kila mguu waijua. Tulikuwa tumekwenda mahali pa kuonekana, tukapaacha mahali pa kuhitajiwa. Tulikwenda kwa yule mzee kumwomba radhi. Akatusamehe kwa neno moja, akatukaribisha kahawa. Lakini harusi ya binti ni moja, na samahani haiwezi kuipiga upya.

Tangu hapo tumejiwekea kanuni, nasi twawapa vijana wanaoanza. Mwaliko wa kwanza kukubaliwa ndio wa kwanza kutimizwa, ujapokuwa mdogo. Mwaliko usiouweza, ukatae siku ile ile, mwenyewe apate nafasi ya kutafuta mtu. Malipo, yajue kabla ya kutoka nyumbani, kama ni fedha, kama ni chakula, kama ni ujirani. Kisha usinung'unike njiani. Na pale unapopiga kwa ujirani, piga kama unayelipwa.

Twayasema haya kwa sababu zama zetu zina jaribu lake. Masanduku ya chai ya mbao yaliadimika kadiri majani ya chai yalivyoanza kufungwa katika mifuko ya karatasi, na sasa mafundi huunganisha mbao wenyewe. Tena katika miaka ya 1990 taarabu ya kisasa ilienea pamoja na vinanda vya umeme na magita ya besi. Mkono wa kushoto wa mpiga kinanda waweza kuifanya kazi yetu, wala haudai sehemu ya nauli. Hatuna ugomvi na ala hizo; wenzetu wengine huzipiga vizuri. Wala hatusemi kwamba elimu imekatika, kwa maana tangu mwaka 2002 Unguja ina chuo cha muziki cha nchi za jahazi, ambako vijana hufundishwa ala za taarabu na ngoma. Lakini mwenye harusi akiona kwamba mpiga sanduku huenda asije, na kwamba kinanda huja na kuwaka, atachagua kinanda, wala hatutakuwa na haki ya kumlaumu. Ala ya zamani haifi kwa kuzidiwa sauti tu. Hufa pia kwa kukosa mtu wa kutegemewa.

Basi, wewe kijana unayevuta uzi barazani jioni, usione unyonge kwamba hakuna anayekutazama. Pokea harusi, pokea ukumbi, pokea sikukuu, pokea kukaimu. Kila mmoja katika hiyo utakufundisha jambo ambalo mwingine hauna. Na kabla ya kujifunza nyimbo mia, jifunze kufika. Wahenga walisema ahadi ni deni, na deni la mpiga besi hulipwa usiku ule ule, miguu ya watu ikiwa inangoja.