Nati ya Beringi Ikazwe kwa Kipimo: Mazungumzo kwa Wenye Magari ya Zamani, Ruring'u



Kila asubuhi pikapu kuukuu hupita hapa zikipeleka maziwa, kabeji na viazi mjini Nyeri. Baadhi zina umri kuliko wanaoziendesha. Breki hukaguliwa, lakini beringi za magurudumu ya mbele hukumbukwa zikianza kunguruma.

Magari mengi ya zamani yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma yana beringi mbili za rola katika kila gurudumu la mbele. Rola hizo zimechongwa kama pia ili zibebe uzito wa gari pamoja na msukumo wa kwenye kona. Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi nchini Marekani, alipata hataza ya beringi za aina hiyo mwaka 1898.

Kosa la kawaida ni kukaza nati yake kama nati za rimu. Beringi iliyobanwa huchemka, grisi huyeyuka, rola hukwama, na gurudumu linaweza kung'oka gari likiteremka na abiria. Iliyolegea nayo huyumbisha gurudumu na kula tairi.

Njia sahihi ni hii. Gari liegeshwe mahali tambarare, magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe, kisha liinuliwe kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake si ya kuaminiwa. Kifuniko cha grisi kitolewe, na kotapini ya zamani itupwe.

Fundi azungushe gurudumu kwa mkono mmoja huku akikaza nati kwa spana, ili rola zikae mahali pake. Kisha ailegeze mpaka gurudumu lizunguke huru, halafu aikaze tena kwa vidole tu. Tundu la kotapini lisipolingana, nati irudishwe nyuma kidogo, isiongezwe. Kitabu cha gari kikitaja kipimo tofauti, kifuatwe hicho.

Kotapini mpya iwekwe na kukunjwa. Gurudumu lishikwe juu na chini na kutikiswa: lisiwe na mchezo wa kuonekana, wala lisikwame likizungushwa. Baada ya safari ya kilomita chache bila kukanyaga breki sana, mkono usogezwe karibu na kitovu cha gurudumu. Likiwa na joto kali kuliko mwenzake, nati imebana.

Angalizo: magari ya kisasa yenye beringi zilizofungwa kiwandani hukazwa kwa nguvu kubwa na kwa spana ya kipimo. Njia hii si yake.

Msimu wa mvua, maji na matope huingia kwenye grisi. Beringi zifunguliwe, zisafishwe na kupakwa grisi mpya kabla mvua ya Machi haijaanza. Kotapini ni ya shilingi chache. Aliyeketi nyuma ya pikapu hana bei.