Imani Itendayo: Padri Tempels, Jamaa na Mji wa Kamina



Mwenzetu mmoja, mtu wa elimu nyingi na kalamu kali, amedai kuwa huduma ya Kikristo katika Katanga ni kazi ya wenye ziada: iliingia na zahanati na shule za wamisionari, ikarithiwa na mashirika yenye magari meupe, na Mkristo fukara wa Kamina, ajapokuwa na imani, hana la kufanya ila kungoja kupokea. Kauli hii imependwa mno, hata na watu wenye nia safi, na ndiyo sababu nataka, kwa idhini yenu, kuipinga kwa urefu.

Habari za mmisionari Burton aliyefika Mwanza ya Katanga mwaka 1915, na za mmisionari Springer na Wamethodisti wake, mnazijua, sizirudii. Na tumwadhimishe kwanza Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyewasili Kongo mwaka 1933 akaishi na Baluba. Kitabu chake cha mwaka 1945 juu ya falsafa ya Kibantu kimejadiliwa hata kimechakaa: mshairi Césaire alikisuta, kwa kuwa kilimstahi Mbantu kwa falsafa na kuuacha unyonywaji wake kama ulivyokuwa, wanafalsafa Eboussi Boulaga na Hountondji wakakivunja kiungo kwa kiungo, na hoja zao zina uzito. Lakini wengi wa wahakiki waliishia kitabuni, wasimfuate mwandishi mpaka Kolwezi, huko huko Katanga, ambako tangu mwaka 1953 aliketi na wafanyakazi wa kampuni ya shaba ya Union Minière na wake zao, akisikiliza kadiri alivyofundisha, likazaliwa vuguvugu la kiroho liitwalo Jamaa. Johari iko hapo. Mchimba shaba yule, mkaazi wa kambi katika nyumba ya kampuni, hakuwa na ziada yoyote. Hata hivyo yeye na mkewe waliitwa baba na mama, wakalea wana wa kiroho wasiokuwa wa kabila lao, katika miaka ambayo kabila lilitosha kumfukuzisha mtu mjini.

Mpinzani wangu atasema hayo ni mapendo ya barazani, hayashibishi tumbo. Basi natoka vitabuni. Katika vita vilivyoanza mwaka 1998, wakimbizi wa pande za Malemba-Nkulu walipoingia Kamina, wengi walilala katika nyumba za watu, zikiwamo za wafanyakazi wa reli ambao mishahara yao ilikuwa imesahauliwa na mwajiri. Shangazi yangu, Mpentekoste asiyejua lolote la Jamaa, alimpokea mama mmoja na wanawe. Jioni alipima unga kwa kipimo cha meka, akausawazisha kwa kiganja, akakusanya uliomwagika mkekani na kuurudisha mfukoni. Bukari, yaani ugali, ikapungua, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikaongezwa maji. Nilipomshauri angoje msaada, alinijibu, «Baba, huyu amekwisha kuingia ndani», akaendelea kukoroga.

Sikanushi kwamba malori ya mahindi yalihitajika, wala kwamba meka ya shangazi isingenyamazisha bunduki hata moja. Ilimpasa Askofu Ntambo Nkulu Ntanda wa Kanisa la Methodisti, mwaka 2004, kuwakutanisha hapa hapa Kamina wapiganaji wa Mai-Mai, machifu na watu wa serikali. Lakini angewaita nani, na nani angemwitikia, kama mji huu usingekuwa umekwisha kujulikana kwa kufungua milango? Mtume Yakobo naye, katika waraka wake, amkemeapo anayemuaga ndugu yake mwenye njaa kwa maneno matamu, haulizi ghala la msemaji lina magunia mangapi.

Nimeipima hoja ya mwenzetu kwa mizani niliyo nayo, na bado nashikilia kuwa kukutana hutangulia kutoa. Kwa hiyo naliomba baraza la chuo jambo moja: kabla mwanafunzi wa theolojia hajafundishwa kuandika maombi ya fedha kwa wafadhili, akakae muhula mzima katika nyumba ya familia ya mjini, ale kinacholiwa, achote maji, na asipewe cheo chochote.