Waya wa Breki ya Mkono Ukikatika

Leo tuzungumze juu ya magari makuukuu yanayobeba mazao yetu. Mara nyingi tunamwona utingo anaruka na jiwe mkononi kila gari linaposimama. Jiwe lile huenda linatuambia kuwa waya wa breki ya mkono umekatika. Siku jiwe likiteleza, gari litashuka mlima lenyewe, na huko chini wamo watoto wetu.

Breki ya mguu hutumia mafuta. Breki ya mkono hutumia waya. Ukivuta mkono, waya huvuta viatu vya breki vilivyomo ndani ya magurudumu ya nyuma, navyo hubana ngoma ya chuma, tairi lisizunguke. Waya huo hupita ndani ya mfuko wake. Mfuko ukipasuka, maji na tope huingia, kutu inakula waya mpaka unakatika. Dalili yake ni hii: mkono unapanda mwepesi, wala haushiki kitu.

Wengine huunga waya huo kwa seng'enge. Hapana, ndugu! Fundo halipiti ndani ya mfuko, na seng'enge hunyooka ikivutwa. Dawa ni waya mpya.

Kazi yenyewe hufanywa hivi:

1. Simamisha gari mahali tambarare. Kaza mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele.

2. Inua nyuma kwa jeki, kisha egemeza gari juu ya magogo imara. Tusiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

3. Shusha mkono wa breki. Legeza nati ya kukazia waya, kisha toa tairi na ngoma. Vumbi la ndani tusilipulize. Vumbi la breki za zamani laweza kuwa na asbesto, nayo huharibu mapafu. Pangusa kwa kitambaa kilicholowa maji.

4. Chomoa waya mbovu, uende nao dukani. Mpya uwe na urefu uleule na vichwa vilevile.

5. Pitisha waya mpya njia ileile ya zamani. Usiguse tairi wala bomba la moshi.

6. Rekebisha viatu vya breki kwanza, ndipo ukaze nati. Mkono ukiwa chini, magurudumu yazunguke bila kukwama. Ukivutwa, yote mawili yashike sawasawa.

Halafu lijaribuni gari kwenye mteremko mdogo, dereva akiwa ndani, mguu karibu na breki, na chini pasiwe na mtu. Baada ya siku chache kaza tena, maana waya mpya hulegea kidogo.

Jiwe tusilitupe, ni msaidizi mzuri. Lakini kabla hatujapakia magunia, tumwulize dereva: "Breki ya mkono inashika?" Nanyi mliosoma habari hii, wasomeeni na jirani.